Siku Kyalo Alipompita Mavyaa Wake

Ukitaka kumwona Kyalo wa Matsangoni katika msafara wowote, usiangalie mbele. Angalia nyuma, nyuma kabisa, mahali ambapo vumbi la wenzake limekwisha kutulia. Mazishini yeye ndiye anayefunga lango. Harusini anakula sahani ya mwisho, amesimama karibu na masufuria. Ukimwita mbele ya watu aseme neno, ulimi unamkauka akabaki kuzungusha kofia yake mikononi, mpaka mwenyekiti wa mkutano amwonee huruma na kusema, "Haya, Kyalo ameshukuru."

Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa jumuiya za Kilifi zilipomfanya mfunga mkia katika hija ya Kwaresma. Hija hiyo huanzia ng'ambo ya daraja la Kilifi na kuishia katika kikanisa kidogo cha mabati juu ya kilima, mbele ya Adu, kwa miguu tangu mwanzo hadi mwisho. Mfunga mkia hubeba fimbo yenye kitambaa chekundu. Kazi yake ni kuhakikisha hakuna anayeachwa, na kanuni yake ni moja: hampiti mtu. Hata kama mtu ameketi kufunga kamba ya kiatu, mfunga mkia anasimama na kungoja.

Kyalo aliipenda kazi hiyo. Haikutaka maneno mengi. Maneno aliyokuwa nayo aliyasema kwa mtu mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, kama anayetoa siri. Mwaka wake wa kwanza alikuwa ametoka machimboni, anakokata mawe ya kujengea, akaja na buti mpya. Kufika Gede alikuwa akitembea upande upande kama kaa. Tangu hapo akijua mtu ni mgeni wa njia, humwendea na kumnong'oneza. Kata kucha mapema, usikate usiku wa kuamkia safari. Vaa kiatu ulichochotea maji mwaka mzima. Soksi mbili, nyembamba ndani, nzito nje, na mafuta ya mgando kisiginoni. Kunywa maji kabla ya kiu, tia na chumvi kidogo. Tembea ukiyatazama magari yanayokuja usoni, usiyape kisogo. Ukisikia joto mahali pamoja mguuni, simama hapo hapo, usingoje malengelenge. Jua likifika utosini, lala kivulini, hata kama wenzako wanaimba. Na mwisho wa yote husema, "Tembea mwendo wako. Kilima hakihami."

Mwaka huo, asubuhi ya kuondoka, Kyalo alisimama mwisho wa mstari na fimbo yake akihesabu vichwa. Akaona leso ya samawati anayoijua. Akaangalia tena. Alikuwa Mwikali, mama wa mkewe, ametoka kwake Mnarani na mfuko mgongoni.

Hapa inafaa tueleze. Kyalo na Mwikali ni Wakamba, na Mkamba wa malezi yao ana heshima nzito kati ya mume na mavyaa wake. Wenyewe huiita nthoni. Hawapeani mikono. Hawali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mpaka mwingine apite. Kumshika mavyaa, au kumtazama miguu yake mitupu, ni jambo ambalo Kyalo asingelifanya hata akiota. Kwa miaka yote tangu amwoe Charity, alikuwa amezungumza na mama yake kupitia mlango uliofungwa, au kupitia mtoto, au kupitia Charity mwenyewe.

Na Charity alikuwa amemwambia habari mbili juu ya mama yake. Ya kwanza, kwamba ana ugonjwa wa sukari na hataki ujulikane. Ya pili, kwamba aliweka nadhiri. Charity alikuwa amepoteza mimba mara kwa mara, na mama yake akamwahidi Mungu: ukimpa binti yangu mtoto aliye hai, nitakwenda kilimani kwa miguu yangu. Mtoto huyo, Mwende, sasa alikuwa anatambaa, anavuta vitambaa mezani. Nadhiri ilikuwa imeiva.

Charity alimtuma mumewe Kilifi mjini amnunulie mama raba za safari. Kyalo alichagua nyeusi, nyepesi, zenye nyota kubwa kwenye soli. Akasisitiza, "Mwambie azivae kila siku tangu leo. Aende nazo shamba, aende nazo sokoni." Charity alimwambia. Mwikali akaitikia vizuri, akazifunga raba kwenye karatasi na kuziweka sandukuni. Kiatu kipya ni cha kumwendea Mungu, si cha kukanyagia mavi ya kuku.

Basi asubuhi ile alikuwa amezivaa kwa mara ya kwanza.

Lakini si raba peke yake zilizomuumiza. Mwikali alipotupa jicho nyuma na kuona ni nani aliyeshika kitambaa chekundu, aliona aibu ikimpanda. Mkwe wake atakuwa nyuma yake njia nzima, akimtazama mgongo na visigino! Mwanamke mwenye adabu atafanya nini? Akakaza mwendo. Akawapita wazee, akawapita akina mama wa Rozari, akaenda kujiunga na vijana wa kwaya mbele kabisa, wale wanaotembea kama wanafukuzwa. Tangu daraja la Kilifi mpaka Matsangoni, na kesho yake kando ya msitu wa Sokoke mpaka Malindi, mama yule mwenye mjukuu alikuwa akimkimbia mkwewe. Na mkwewe, huko nyuma, kila akiona leso ya samawati alipunguza mwendo ili asimwaibishe.

"Wewe leo mbona unatembea kama bibi harusi?" Baya alimwuliza. Baya ni Mgiriama, mgema wa mnazi, mnene wa kiuno, na kila mwaka huishia mkiani kwa sababu ya maongezi. "Tutafika Pasaka ya mwaka ujao!"

"Mbele kuna mkwe," Kyalo akajibu.

"Lo! Yupi?"

"Leso ya samawati."

Baya akapiga mluzi. "Yule? Yule anayewaacha vijana? Mulungu wangu! Huyo mkwe si wa kuogopa, ni wa kupeleka mashindanoni."

Kyalo hakucheka. Alikuwa anafikiri juu ya sukari.

Walivuka mto Sabaki, wakalala, na alfajiri wakaiacha lami na kushika njia ya mchanga ya kwenda Adu. Hapo ndipo Kyalo aliposoma habari asiyotaka kuisoma. Mfunga mkia kwenye mchanga huona nyayo za watu wote. Anajua nani amechoka, nani anaburuta. Na kati ya nyayo zile zote alizitambua nyota mbili, nyota za raba alizozichagua kwa mikono yake.

Nyota ya kulia ilikuwa imelala sawa. Ya kushoto ilikuwa imekaa ubavu. Upande wa nje ulizama, wa ndani haukugusa. Mtu anakwepa kitu, na pengine hajui kama anakwepa. Kyalo alizifuata kwa macho, mchanga hadi mchanga, miiba ya migunga ikiwa imetapakaa njia nzima.

"Baya," akasema. "Nenda mbele. Mwambie Kadii amtazame mama yule mguu wa kushoto."

Kadii alikuwa kiongozi wa wanawake, mama mwenyeji wa Adu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Baya alikwenda akihema na kurudi akihema zaidi.

"Kadii amemwuliza. Mama anasema mguu hauumi hata kidogo. Halafu akaniangalia mimi, akasema, 'Mwambie aliyekutuma kwamba miguu yangu haina habari naye.'"

"Kiatu amevua?"

"Kavua wapi! Anasema atavua akifika kilimani."

Kyalo akatoa simu. Mahujaji wote walikuwa wameziacha simu zao kwenye pikapu ya maji iliyotangulia, wasije wakasali huku wakijibu ujumbe, ila mfunga mkia na dereva. Akampigia mkewe. Mtandao ulikuwa unakuja na kukatika.

"Mguu wa mama unaniogopesha," akasema.

"Anasemaje?"

"Anasema hauumi."

"Baba Mwende," Charity akasema, na sauti ilikuwa nyembamba, "mwaka juzi alikanyaga kaa la moto jikoni. Tulijua kwa harufu."

Simu ikakatika.

Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Mbele vijana waliimba. Kyalo aliinamisha macho akazitafuta nyota. Akaiona ya kulia. Akaiona ya kushoto, na katikati yake doa jeusi, dogo kama mbegu ya mbono. Hatua iliyofuata, doa tena. Akachutama, akagusa kwa kidole. Mchanga ulikuwa umegandamana. Akanusa. Si jasho.

Sasa fikiria hali yake. Akingoja mapumziko ya mchana, mama atakuwa amekwenda mwendo mrefu juu ya jeraha asilolisikia kwa sababu ya sukari. Akimtuma Baya tena, atarudishiwa neno lile lile. Akimwambia Kadii habari ya sukari, ametoboa siri ya mavyaa wake mbele ya parokia nzima, na mama hatavua kiatu kwa hasira. Pikapu iko mbele, na dereva hawezi kumpakia mtu kwa nguvu. Kulikuwa na jambo moja tu lililobaki.

Akamkabidhi Baya fimbo.

"Shika."

"Mimi? Unakwenda wapi? Mfunga mkia hampiti mtu!"

"Shika, Baya."

Akakimbia.

Watu waliomjua walisema baadaye kwamba walidhani nyuki wamemvamia. Kyalo, anayekula wa mwisho, anakimbia kuwapita wazee! Aliwapita akina mama wa Rozari nao wakakosea salamu Maria. Aliwapita wanakwaya na wimbo ukakatika katikati. Alipofika karibu na leso ya samawati hakupita barabarani. Alijitupa pembeni, akaingia kwenye miiba, akaipita leso kwa mbali huku suruali ikichanika, uso ameugeuzia kichakani. Kisha akarudi njiani, mbele yake, akasimama katikati ya barabara. Mgongo kwa mavyaa wake. Mikono ameitandaza.

Nyuma yake raba zikasimama.

Sauti ya Mwikali ikasikika, baridi kabisa.

"Kadii. Nani amesimama mbele yangu?"

"Mama, si unamwona?"

"Mimi sioni mtu. Mtu mwenye adabu hasimami pale."

Ulimi wa Kyalo ulikuwa umekauka kama siku zote. Pembeni ya njia palikuwa na kisiki cha mgunga, kimeungua upande mmoja. Akakikazia macho.

"Wewe kisiki," akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. "Nisikilize. Mimi siongei na mtu, ninaongea na wewe. Kuna mguu wa kushoto unatoa damu."

Kijana mmoja wa kwaya aliyeitwa Marvin akaangua kicheko. "Jua limempata! Anaongea na mti!"

"Funga mdomo wako kabla sijaufunga mimi," Kadii akamwambia.

"Kiambieni kisiki," Mwikali akasema, "kwamba mguu wangu hauumi."

"Kisiki, hilo ndilo linalonitisha. Ungeuma, ningebaki mkiani kwangu."

Akasikia raba zikisogea kushoto. Akasogea kushoto. Zikaenda kulia. Akaenda kulia. Hakugeuka. Alikuwa anamzuia kwa masikio. Miiba ilikuwa bado imemning'inia kwenye shati, na jasho likamwingia machoni asithubutu kulipangusa, asije akaonekana anageuza kichwa.

"Mwambieni aondoke!" Sasa sauti ya mama ilikuwa imepasuka. "Nilimwambia Mungu kwa miguu yangu. Sikumwambia kwa gari. Nikipanda gari leo, na kesho yule mtoto akashikwa na homa, nani atajibu? Kisiki kitajibu?"

Hapo watu wote waliinamisha vichwa, hata Marvin. Na mtoto huyo alikuwa wa Kyalo. Yeye pia aliamka usiku kusikiliza kama anapumua. Yeye pia aliogopa, na hakuwa padri wala katekista wa kujua Mungu anahesabu vipi. Aliwaza hivi: nikimwacha aende, mguu. Nikimzuia, je, kama ana haki?



"Kisiki," akasema polepole, "mimi ndiye baba wa mtoto. Kama ni kuogopa, mimi wa kwanza. Lakini Mungu aliambiwa, kwa miguu yangu. Hakuambiwa ni Kwaresma ipi. Mguu ukikatwa, nadhiri itamalizwa na nini? Hapo ndipo itakuwa imevunjika. Basi na iwekwe alama hapa, hapa ulipo wewe. Mguu ukipona, mwenyewe atarudi, aanzie hapa, asipunguze hata hatua moja."

Upepo ulipita na kutikisa migunga. Hakuna raba iliyosogea.

"Visiki vya Adu vyote vinafanana," Mwikali akasema. "Nitakijuaje?"

Mtu mmoja akacheka kidogo, kicheko cha kupumua. Kyalo alichutama, akaanza kuokota mawe na kuyapanga kuzunguka kile kisiki, jiwe juu ya jiwe, kama apangavyo machimboni, yaliyo bapa chini, madogo yakijaza mapengo. Alipofika jiwe la tatu alisikia mtu akiketi chini kwa kuguna. Akasikia kamba za kiatu zikifunguliwa. Akasikia soksi ikivutwa, taratibu, kama inayong'oka. Kisha sauti ya Kadii, ile ya kuita ng'ombe, ikatoka ndogo kabisa.

"Yesu na Maria. Mama, huu mwiba umeingia lini?"

"Mwiba gani?" Mwikali akauliza.

Mwiba wa mgunga, mrefu kama kidole, ulikuwa umetoboa soli katikati ya nyota na kuzama nyama ya unyayo, na juu yake lengelenge la kiatu kipya lilikuwa limepasuka na kubadilika rangi. Kyalo hakuuona.

"Msiung'oe," akaviambia vile visiki vyote kwa jumla. "Funikeni na kitambaa safi, mmwagie maji ya kunywa nje tu. Kadii, mwambie mganga wa zahanati kila kitu. Na lile ambalo mama hapendi lisemwe, mwombe alitaje mwenyewe."

Akampigia dereva. Pikapu ilirudi kinyumenyume ikitimua mchanga. Mwikali alipandishwa na wanawake, huku mkwewe bado amewapa mgongo, jiwe mkononi.

Kyalo alingoja mstari wote upite, mmoja mmoja, mpaka Baya alipofika anachechemea na fimbo begani.

"Chukua kitambaa chako," Baya akasema. "Kazi hii mbaya. Sijaongea na mtu tangu uondoke."

Zahanatini hawakutaka kuugusa. Mganga wa pale, Eugene, aliutazama mara moja akaita gari la wagonjwa, na jioni ile Mwikali alikuwa hospitalini Malindi. Mwiba ulitolewa. Kidole kidogo hakikuokolewa, kilikuwa kimekwisha kuharibika tangu siku zile za kukimbia na vijana kando ya msitu. Lakini mguu ulibaki. Daktari alimwambia Charity kwamba wangemleta kesho yake, wangekuwa wanazungumzia goti. Charity alimweleza mumewe habari hiyo akiwa amempakata mtoto, na mtoto alikuwa anatafuna kofia ya baba yake, mzima kabisa.

Maneno hayakukosekana. Wazee wa Kikamba wa Matsangoni walikaa, wakasema kweli mguu ni mguu, lakini mtu hampiti mavyaa wake njiani na kumsimamia kama askari wa barabarani, mambo hayaishi hivyo hivyo. Kyalo akakubali. Akapeleka mbuzi wa kuomba radhi Mnarani, akamfunga langoni, akabisha na kuondoka kabla mlango haujafunguliwa. Baada ya siku chache Charity akarudi na ujumbe.

"Mama anasema, mwambie mtu huyo mbuzi wake alikuwa amekonda."

Kyalo alizungusha kofia yake mikononi. Siku hiyo alikuwa na furaha isiyo na kifani.

Masika yakaja, yakapita. Jeraha likafunga. Mwikali alizivaa raba nyingine, pana, mwezi baada ya mwezi, sokoni, shambani na kuku wakiwamo. Kila jioni alijikagua nyayo kwa kioo, kama Charity alivyomfundisha. Mpaka asubuhi moja pikapu ikawashusha watu wachache kwenye njia ya Adu, mahali penye kisiki kilichozungukwa na mawe. Majani yalikuwa yameota katikati ya mawe, lakini hakuna jiwe lililoanguka. Mwikali alikitazama, akakigusa kwa fimbo, akaweka mguu wake wa kushoto sambamba nacho.

Safari hii hapakuwa na mkia. Kyalo alitangulia. Alikuwa mbele, peke yake, hatua kadhaa, mgongo kwa mavyaa wake, ili mama asiwe na mtu wa kumkimbia. Hakuwahi kutembea mbele ya watu maishani mwake na shingo ilimwasha kama inatazamwa na parokia nzima. Nyuma yake aliwasikia Kadii na Mwikali wakizungumza bei ya mahindi, na chini ya mazungumzo hayo alizisikiliza raba, ya kulia, ya kushoto, ya kulia, ya kushoto. Zikinyamaza, alisimama bila kugeuka. Zikianza, akaanza.

Kilima kilipoonekana kwa mbali, bila kujijua akakaza mwendo.

"Kadii," sauti ya Mwikali ikasikika nyuma, ya juu, ya kusikiwa. "Mwambie mtu huyo aende polepole. Kwani nani anamfukuza?"